Fundi Baridi na Fomu ya Fizikia

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kati ya kibanda cha kinyozi na bucha, na ukikaa mwisho wa kulia lazima mwenzako akae mwisho wa kushoto, la sivyo mtakutana chini. Hapo ndipo Mama Birika huuza kahawa tangu saa mbili asubuhi, na hapo ndipo mambo yote ya dunia hukatiwa hukumu kabla hayajafika serikalini. Sheria ya benchi ni moja tu na haina rufaa: ukimaliza hoja yako unapindua kikombe, na kikombe kikishapinduliwa mdomo wako umefungwa. Ukitaka kusema tena, nunua kingine. Nani aliitunga sheria hiyo hakumbuki mtu, lakini ukimtazama Mama Birika anavyotabasamu watu wakianza kubishana, unaweza kubahatisha.

Siku hiyo Fundi Baridi alifika mapema kuliko kawaida yake. Ni mtengenezaji wa mafriji, mtu mwembamba, mpole, anayetembea na sanduku la vifaa kama wengine wanavyotembea na simu. Lakini asubuhi hiyo sanduku aliliweka chini bila kuliangalia, akakaa, akaikumbatia bahasha ya kaki.

— Umeshtakiwa? — aliuliza Karani, akiikodolea macho bahasha. Karani alistaafu mahakamani miaka tisa iliyopita, lakini mahakama haijastaafu ndani yake.

— Afadhali ningeshtakiwa, ningejua kosa langu, — alijibu Fundi Baridi.

Akaeleza. Binti yake amekubaliwa chuo kikuu, tena kwa kozi mbili, achague moja: uhasibu au fizikia. Yeye mwenyewe anataka fizikia. Fomu ya kuthibitisha inadai sahihi za wazazi wote wawili, na ofisi ya udahili inafunga dirisha saa kumi alasiri hiyo hiyo. Mama mtu alishaweka sahihi yake jana, bila kuuliza swali hata moja, kisha akarudi kumenya viazi. Mstari wa baba ulikuwa bado mweupe pe.

— Mimi sikatai mtoto kusoma, — alisema Fundi Baridi. — Ila mtu akiniambia uhasibu, binti yangu namwona. Kaketi, ana meza, ana kikokotoo, anamkatalia mtu hundi. Fizikia sioni kitu. Sioni hata kiti! Jamani, nyinyi ni watu wazima wenzangu. Mtu aliyesoma fizikia, asubuhi akiamka anakwenda wapi?

Lililomkaba hasa alilimeza pamoja na kahawa, maana lilikuwa la nyumbani. Mtoto wa kaka yake alisoma chuo kikuu miaka minne, kozi yenye jina refu ambalo ukoo mzima ulishindwa kulitamka. Akarudi na cheti, kikatundikwa ukutani juu ya kochi, na mwenyewe akakaa chini yake. Huu ni mwaka wa tatu amekaa. Ukimuuliza anasema “soko la ajira”, na baba yake siku hizi hapiti sebuleni, huzungukia mlango wa nyuma. Fundi Baridi alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa kuweka sahihi kisha, miaka minne baadaye, kuanza kuzungukia mlango wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe.

— Naomba kutoa ushahidi, — alisema Karani, akijinyoosha mgongo. — Mimi fizikia nimeisoma. Ni somo la adhabu.

— La adhabu kivipi?

— Mwalimu wetu alipanda ghorofani, akasimama dirishani, mkono huu jiwe, mkono huu kipande cha chaki. Sisi tuko chini uwanjani. Akauliza, nikiviachia pamoja, kipi kitafika kwanza? Darasa zima tukasema jiwe. Tukachapwa. Kesho yake akapanda tena, akauliza tena. Tukajua mtego ulipo, tukasema chaki. Tukachapwa.

— Na jibu lilikuwa lipi?

— Kengele ililia. — Karani akanywa funda la mwisho. — Kwa mujibu wa tukio hilo, kazi ya fizikia ni ualimu, na kazi ya ualimu huo ni kusimama dirishani na mawe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Sasa methali hiyo imeingilia mlango gani?

— Jiwe liliinama, chaki ikainama. Nimesema.

Akapindua kikombe. Fundi Baridi akajaribu kumwona binti yake dirishani na jiwe mkononi. Alimwona vizuri sana, na hakupendezwa.

Wa pili alikuwa Nusu Kilo, mwenye bucha, ambaye akikaa upande wake wa benchi wengine wote huinuka kidogo. Jina hilo alipewa na wateja, na sababu yake ni kwamba nusu kilo ya kwake haijawahi kuwa nusu kilo ya kwa mtu mwingine. Alikuwa amejifuta mikono kwenye aproni, na uso wake haukuwa na mzaha hata chembe.

— Kazi ipo, — alisema. — Na ni mbaya. Nimewaona kwa macho yangu haya. Walikuja hapa wawili, kijana na dada mmoja mwenye miwani, wana sanduku la vyuma vinang'aa, vidogo, vikubwa, vimepangwa kwenye kitambaa. Wakawa wanaviweka juu ya mzani wangu kimoja kimoja, taratibu, kwa koleo! Nikawauliza, nyinyi polisi? Wakasema, hapana mzee, sisi ni wa vipimo. Yule dada akasema kwa mdomo wake alisomea fizikia.

— Wakakukuta na nini?

— Hiyo si mada.

— Mzani ulisemaje? — aliuliza Karani, akasahau kwamba kikombe chake kimelala.

— Kikombe! — Mama Birika akamkumbusha, tayari ameshika birika. Karani akanunua kingine. — Uliza sasa.

— Mzani ulisemaje?

— Ulisema uwongo, kama mashahidi wako wote wa mahakamani. — Nusu Kilo akamgeukia Fundi Baridi, akamshika bega. — Ndugu yangu, mtaa huu tumekula pamoja, tumezikana pamoja. Usituletee mtoto wa kutuhesabia gramu. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Unamwita binti yangu kunguni?

— Namwita mkaguzi. Kunguni ana nafuu, analala mchana.

Akapindua kikombe kwa kishindo.

Wakati wote huo Sikio alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake cha kinyozi, mkono mmoja wembe, mkono mmoja kikombe. Mwenyewe husema anaitwa Sikio kwa sababu kila habari ya mjini humfikia. Wateja wana maelezo mengine, na mmoja wao bado ana kovu. Ndani alikuwa amemwacha mtu na povu shavu moja.

— Nyinyi mnazungumzia chaki na nyama, — alisema kwa dharau. — Fizikia yenyewe hamuijui. Nilimnyoa bwana mmoja, mtu mzito, ana begi la gurudumu. Akanieleza. Huko ng'ambo wamechimba handaki chini ya ardhi. Duara! Ukianza kutembea asubuhi, unarudi pale pale jioni. Humo ndani wanagonganisha vitu.

— Vitu gani?

— Vidogo. Havionekani.

— Wanagonganisha vitu visivyoonekana, — alisema Karani polepole, kana kwamba anamsomea hakimu. — Kisha?

— Kisha wanatazama vipande.

— Vipande vya vitu visivyoonekana?

— Ndiyo.

— Na wanalipwa mshahara?

— Na nyumba.

Nusu Kilo, ambaye hakuwa na kikombe halali, alitikisa kichwa tu, lakini alikitikisa mara nyingi. Maisha yake yote alikuwa akiuza vipande vinavyoonekana, na nyumba alikuwa hajapewa.

— Povu linakauka! — sauti ikalia kutoka ndani ya kibanda.

— Vumilia, tuko kwenye sayansi! — Sikio akajibu bila kugeuka. — Hicho kidogo kinaitwa atomu. Ukikipasua, mtaa huu haupo. Ule mwingine nao haupo. Haba na haba hujaza kibaba: atomu ni haba, wewe ndiwe kibaba. Kwa hiyo, Fundi, serikali ikijua una mtoto anayejua kupasua hicho kitu, haimwachi akapanga foleni ya kazi. Inakuja gari, inamchukua. Utakuwa unaletewa barua bila anwani.

— Barua zinasema nini?

— “Baba, sijambo. Nisiulizwe.”

Fundi Baridi aliushika ubao kwa mikono miwili. Sasa alikuwa na binti dirishani, binti mkaguzi na binti handakini, na wote watatu walikuwa wakimtazama wakimsubiri aweke sahihi.

Hapo Mama Birika akaweka birika chini. Ni mwanamke asiyesema sana, kwa sababu wanaosema ndio wanaomlisha.

— Mimi nimemwona mmoja, — alisema. — Dada yangu alipougua saratani ya ziwa la kushoto, tulipelekwa hospitali kubwa yenye ile mashine ya mionzi. Mlango wake mnene kama ukuta. Kulikuwa na kijana mmoja, siku mbili yuko mbele ya kompyuta, hatoki. Nikamuuliza, mwanangu, unafanya nini? Akanionyesha picha ya kifua cha dada yangu. Akasema, moyo uko hapa, ugonjwa uko hapa, mimi napiga hesabu mionzi ipite wapi ili iuwahi huu isiuguse ule. Nikamwambia, Mungu akubariki, daktari. Akacheka. Akasema, mama, mimi si daktari, mimi nimesoma fizikia.

Akaliinua tena birika.

— Dada yangu yu hai, — Mama Birika akaongeza. — Anauza nyanya.

Maneno hayo yalimwingia Fundi Baridi hadi akasikia macho yanamwasha. Laiti benchi lingeishia hapo! Lakini Karani alikohoa.

— Pingamizi. Kwa heshima zote, Mama, wewe huna kikombe. Kikanuni huna hoja.

— Sina kikombe? Nina birika zima!

— Birika si kikombe. Halipinduliki.

— Nikikupindulia wewe kichwani utaona kama halipinduliki!

Ikawa kicheko, na katika kicheko hoja ya maana ikapita kama mgeni asiyejulikana. Fundi Baridi peke yake ndiye aliyebaki nayo, lakini hofu ni hodari wa hesabu. Mashine hiyo moja, akawaza, kiti kimoja, na huyo kijana keshakikalia. Ni mzima wa afya. Atastaafu lini?

Sikio alikuwa amekwisha kununua kikombe cha pili, na mtu akinunua cha pili hakinunui ili awe na busara.

— Sijamaliza. Lile kubwa sijalisema. Hawa watu wa fizikia wanachezea wakati.

— Wanachelewa?

— Wanarudi nyuma! Bwana wa begi kanieleza. Ukienda mbio kupita kiasi, saa yako inakwenda tofauti na ya wenzako. Ukizidisha, unafika kabla hujaondoka.

Hapo Karani alikaa wima. Miaka thelathini ya mahakama ilimwamka machoni, akanunua kikombe cha tatu kwa ajili ya hoja hiyo tu.

— Ngoja. Tuseme binti wa Fundi amesoma, amehitimu, ameujua huo ufundi wa kurudi nyuma. Sawa?

— Sawa.

— Na tuseme amepata kazi nzuri. Mtoto mwenye adabu, anajua baba yake leo yuko hapa benchini, anateseka na fomu. Asingerudi kumwambia?

— Angerudi.

— Yuko wapi?

Wote wakatazama barabara. Mbwa mmoja alipita. Hakuna mwingine.

— Basi shauri limekwisha, — alisema Karani kwa huzuni, akipindua kikombe. — Kama angepata kazi angekwisha kuja. Hakuja. Pole sana, Fundi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini huyu hata marejeo hana.

Na Fundi Baridi, mtu mzima, mwenye akili zake, fundi wa miaka ishirini na miwili, akajikuta anasikitika kweli. Aliiona hoja haina tundu. Akaitoa kalamu mfukoni, akaitazama, akairudisha.

— Shikamooni, — ilisema sauti nyuma yao.

Nusu Kilo aliruka. Upande wake wa benchi ukapanda, upande wa Karani ukashuka, na Karani akakaa chini kwenye vumbi kikombe mkononi.

Alikuwa ni yeye, binti. Sketi ya buluu, viatu vya kufunga, jasho la kutembea kipajini.

— Ametoka mwaka gani huyu? — Nusu Kilo alinong'ona.

— Nimetoka nyumbani, — alisema binti, akawapa mkono mmoja mmoja kwa heshima, akamwinua Karani. — Baba, umeshasaini? Nikitembea kwa miguu mpaka ofisi ya udahili ni saa nzima, na foleni siijui.

Fundi Baridi akaikunja bahasha, akaikunjua. Hakutaka kumuuliza mbele ya watu, lakini Karani alishajifuta vumbi na kushika hatamu, kikombe au pasipo kikombe.

— Binti, jibu kwa ufupi. Ukimaliza hiyo fizikia, kazi yako ni ipi?

— Zipo nyingi, baba. Wengine wanakwenda hospitali, upande wa mionzi. — Mama Birika akatikisa birika kwa ushindi. — Wengine hali ya hewa, kutabiri mvua. Wengine wanapima ardhi kutafuta maji kabla ya kuchimba kisima. Kuna umeme wa jua, kuna vipimo na mizani…

Nusu Kilo akafumba macho.

— …kuna kufundisha, na wengine hata benki wanachukuliwa, kwa sababu ya hesabu.

— Saba, — alisema Sikio, aliyekuwa akihesabu kwa vidole na wembe. — Mtoto ana kazi saba! Fisi alishindwa na njia mbili.

— Mwenye nyumba saba analala wapi? — alisema Karani.

— Analala nje, — Nusu Kilo akajibu haraka, maana hilo lilimfaa.

Walicheka, na hawakucheka kwa ubaya. Ni watu waliomwona tangu akibebwa mgongoni. Lakini binti hakucheka. Alimtazama baba yake, na baba yake akatazama viatu vyake mwenyewe.

— Mimi ningetaka moja tu, mwanangu, — alisema Fundi Baridi kwa sauti ndogo. — Moja nitakayoweza kuiona.

— Baba, saa sita inakaribia.

— Najua.

— Kama hutaki, useme hutaki. Nitakwenda uhasibu. Nitasoma, na nitafaulu. — Aligusa bahasha kwa kidole. — Lakini useme wewe, usiliambie benchi likusemee.

Hilo lilikaa. Sikio akakumbuka kwamba ana mteja, lakini hakwenda. Karani akanyoosha mkono kutaka kahawa nyingine apate pa kutazama. Mama Birika akainamisha birika, likatoa matone mawili na kipande cha tangawizi.

— Imekwisha, — alisema.

Ndipo alipokuja mama wa juisi. Alikuwa mgeni hapo kijiweni. Nyumba yake iko mtaa wa pili, ana friji refu la kioo barazani, anauza juisi za chupa. Alikuja kwa hasira, ndoo mkononi, akauliza Fundi Baridi ni yupi, ingawa alikuwa anamjua fika.

— Fundi, usiinuke. Kabla hujaja tena nyumbani kwangu kufanya lolote, nina swali moja. Nikifungua mlango wa friji, nikaufunga, nikitaka kuufungua tena papo hapo, unagoma. Nauvuta kwa mikono miwili, mguu ukutani, haufunguki. Nikiuacha kidogo, unafunguka wenyewe kwa kidole. Kwa nini?

Swali dogo, la mtu aliyeshika ndoo. Karani alifungua mdomo, kisha akatazama kikombe chake kilicholala, akaonekana kukifurahia kwa mara ya kwanza maishani. Nusu Kilo naye akaonyesha cha kwake. Sikio alisema anasikia mteja anaita, na mteja alikuwa amekaa kimya.

— Ni mpira wa mlango, — alisema Fundi Baridi. Neno lilimtoka lenyewe.

— Mpira ulinibadilishia mwezi wa pili.

— Ulikuwa…

— Na mwezi wa tano ukanibadilishia tena. Tangu uweke huo wa pili ndiyo umezidi!

Swali hilo halikuwa geni kwa Fundi Baridi. Ameulizwa na wauza maziwa, na mke wa mchungaji, na daktari wa meno. Mara zote alijibu mpira, akabadilisha mpira, na mlango ukaendelea kugoma, na mwenye friji akiuliza tena alimwambia utazoea. Hakuwa mwizi. Aliamini ni mpira kwa sababu fundi aliyemfundisha aliamini ni mpira. Akamtazama binti yake, pengine kwa kuomba msaada, pengine kwa aibu tu.

— Sijui, — alisema binti.

Alilisema bila kuona haya, kama mtu anayetaja jina lake. Benchi lile lilikuwa limehukumu vita, ndoa, mipira ya miguu na bei ya sukari, na hakuna mwenye kikombe aliyewahi kulitamka neno hilo juu yake. Wazee wakamtazama kama aliyevua kiatu msikitini akakiweka kichwani.

— Sijui, — alirudia, — lakini mama, hebu niambie. Ukifungua ukachukua chupa moja haraka, na ukifungua ukakaa muda mrefu, unagoma sawasawa?

Mama wa juisi akaweka ndoo chini.

— Ebo. Hapana. Asubuhi nikipanga chupa zote, mlango unakaa wazi mpaka jasho la baridi linanitoka. Hapo ndipo hugoma hasa. Nikichukua moja, haugomi sana.

— Na ukigoma, unasubiri muda gani?

— Mpaka nichoke.

— Kuchoka kwako ni sekunde ngapi?

Sikio akacheka. Binti hakumsikia. Alikuwa amekwisha kukaa kwenye ncha ya benchi, ametoa kalamu, na anaandika kwenye kiganja.

— Na mpira mpya umefanya uzidi? Mpira unaobana vizuri zaidi?

— Umezidi, nakwambia!

— Baba, umezidi! — Macho yalimng'aa kwelikweli. — Kama ni mpira mbovu, mpya ungepunguza. Kuna kitu kinauvuta kwa ndani, au kuna kitu kinausukuma kwa nje, na mpira mzuri unakizuia kisipite. Nadhani ni hewa. Lakini kudhani tu hakutoshi. Umewahi kuhesabu?

— Kuhesabu nini?

— Sekunde. Mlango ukiwa umekaa wazi kidogo, na ukiwa umekaa wazi sana.

Miaka ishirini na miwili, mafriji yasiyo na idadi. Wateja walikuwa wakimwambia yote haya, kila mmoja kwa kinywa chake, na yeye alikuwa akitafuta bisibisi. Fundi Baridi aliona aibu, na papo hapo aliona fahari, na vyote viwili vilimfikia kwa pamoja hadi akashindwa kujua kipi kilitangulia.

— Sijawahi, — alisema. — Wala sikujua kwamba huhesabiwa.

Akaitoa fomu kwenye bahasha. Akatafuta pa kuandikia. Benchi lina nyufa, sanduku lina grisi.

— Nusu Kilo, inama.

— Mimi? Niiname nisainiwe hukumu yangu mwenyewe?

— Inama, bwana!

Nusu Kilo akainama. Ulikuwa mgongo mpana, mzuri, na Fundi Baridi aliilaza fomu hapo, akaipata sahihi ya mkewe, akaupata mstari chini yake. Aliandika jina lake taratibu, herufi kwa herufi, akakandamiza nukta ya mwisho mpaka Nusu Kilo akaguna.

— Haya, mwanangu, — alisema akiinua uso, — chukua, na Mungu…

Hapakuwa na mtu wa kumpa. Binti na mama wa juisi walikuwa wamefika mbali, ndoo wameshika pamoja, mmoja upande huu na mmoja upande ule. Binti alikuwa akiuliza friji lina chupa ngapi likijaa, na likiwa tupu mlango hufanya vipi, na mama wa juisi, hasira imemtoka yote, alikuwa akijibu kwa mkono mzima.

Fundi Baridi akanyakua sanduku lake, fomu ikipepea mkononi.

— Nisubirini basi! — aliita, akikimbia. — Mimi ndiye fundi!